Kiti cha Mwaloni Alichokigawa Mume Wangu

Nimekasirika hata sasa ninapoandika, na sitajifanya nimepoa. Watu wetu wa hapa wakisikia mwanamke anasema ana hasira, humwambia amwombe Mungu ampe subira. Subira ninayo. Nilisugua mbao kwa msasa majira ya baridi yote mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuna aliyenisikia nikilalamika. Hasira ni jambo lingine.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali huku Gaithersburg, Marekani, kazi ya kusimama kutwa. Mume wangu ni mtu wa kompyuta. Kila asubuhi huvuka mto na kuendesha hadi Sterling, kwenye yale majengo makubwa yasiyo na madirisha ambamo mitambo ya intaneti inanguruma mchana na usiku. Tuna binti mmoja, yuko sekondari. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Nyumba yetu ilijaa samani zile zinazokuja ndani ya boksi, ukazifunga mwenyewe kwa kifunguo kidogo. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, halafu ukavishwa karatasi yenye picha ya mbao. Picha ya mbao! Kabati la vitabu lilivimba kama mandazi siku dirisha lilipovuja. Kitanda cha binti yetu kilitema skrubu zake, tukakifunga kwa kamba. Kila kimoja kilipokufa, mume wangu alikiburuta nje kwa wazoa taka na kuagiza kingine kilekile. Nikimwambia tununue kitu cha kudumu, alisema, "Nani anaishi na kabati moja maisha yake yote?"

Basi Jumapili moja nilikwenda Takoma Park na mfanyakazi mwenzangu. Kule ziko nyumba za zamani, fupi, zenye baraza pana, na mwenye nyumba akifa warithi hufungua milango watu waingie wanunue vyombo. Mwenzangu alikuwa anatafuta sahani. Mimi nikaingia sebuleni nikakuta kiti.

Kilikuwa kiti cha kuegemea, kizito, cha mbao ngumu ya mwaloni iliyokolea rangi ya asali iliyoungua. Mikono yake ilikuwa mipana na bapa, unaweza kuweka kikombe cha chai na kitabu pembeni yake. Chini ya kila mkono zilisimama fito nyembamba, zimepangwa kwa nafasi sawa. Mgongo wake ulishikwa na ufito uliolala kwenye mapengo nyuma. Ukiuhamisha pengo moja, mgongo unarudi nyuma zaidi. Hakikuwa na ua lililochongwa wala nakshi hata moja. Vichwa vya miguu ya mbele vilipenya mikono ya kiti na kuchomoza juu kidogo, vimelainishwa kingo, na ulipovitazama ulielewa papo hapo kiti kimesimamaje. Nilikaa. Mgongo wangu, uliokuwa umesimama wiki nzima, ukanyamaza.

Kiti kilikuwa kimeshauzwa. Nilirudi nyumbani nikawa nakifikiria kama mtu aliyeacha mtoto mahali.

Ndivyo nilivyofika karakana. Si mbali na kwetu kuna jengo ambamo watu hulipa ada na kutumia mashine za useremala kwa zamu, na anayetaka kufundishwa hufundishwa. Mwalimu wangu alikuwa mwanamke wa Kimarekani mwenye nywele fupi nyeupe, aliyewahi kujenga majukwaa ya michezo ya kuigiza. Nilimwonyesha picha niliyopiga.

"Ah," alisema, "unataka kuanza na mlima."

Akaniambia mtindo ule unaitwa Arts and Crafts, kwa lugha yetu tuseme Sanaa na Ufundi. Ulianzia Uingereza zamani, viwanda vilipoanza kumwaga samani ovyo zilizobandikwa mapambo ya uongo. Mafundi na wachoraji wakachukia. Wakasema mbao ionekane ni mbao, kiungo kionekane ni kiungo, na mtu aliyekitengeneza kitu asifutwe. Mtindo ukavuka bahari, Wamarekani wakaunyoosha mistari yake zaidi wakautia kwenye nyumba zao fupi zenye baraza. Mimi nilisikia neno moja tu: wakachukia. Nikaupenda hapohapo.

Sitasimulia kila siku ya kazi ile. Nitasema tu kwamba mwaloni haubembelezeki. Unatakiwa kuchagua mbao ambayo gogo lake limepasuliwa kirobo, kutoka moyoni kwenda nje, kwa sababu hiyo haipindi, na usoni mwake hutokea mimeto iliyotawanyika kama manyunyu juu ya kioo. Nilijifunza kunoa patasi, kwa kuwa patasi butu hukata mkono kabla ya mbao. Nilijifunza kuchonga ulimi mwishoni mwa ubao mmoja na kutoboa tundu kwenye ubao mwingine, ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja, usilegee na usilazimishwe. Ulimi ukitokea upande wa pili unaupasua kidogo na kuupigia kabari, na hapo hautoki tena.

Tundu la mkono wa kulia nililipanua mno. Pengo lilikuwa dogo, unene wa kucha. Mwalimu akasema ningeweza kuliziba kwa unga wa mbao na gundi, wengi hufanya hivyo.

"Litaonekana?" nikauliza.

"Na wewe tu."

Nikautupa ule mkono nikaanza mwingine.

Mwishoni tulikijengea kiti hema la plastiki nje ya karakana, tukaweka ndani yake bakuli la amonia, tukaondoka mbio huku tumeziba pua. Mvuke wa amonia hukutana na tanini, ule ukakasi ulio ndani ya mwaloni, na kuugeuza rangi mwaloni wenyewe, bila kupakwa kitu. Tulipofungua, kiti kilikuwa cha kijivu cha kutisha, nikadhani nimekiharibu. Mwalimu akanipa kitambaa na mafuta. Nilipopitisha mara ya kwanza, ile rangi ya asali iliyoungua ikatokea chini ya mkono wangu, na ile mimeto ikawaka. Nililia. Mwalimu alijifanya anatafuta ufagio.

Miezi yote hiyo mume wangu hakukanyaga karakana. Alikuwa akiniita "fundi" kwa kejeli ya upole, na kwenye simu akizungumza na ndugu zake alisema, "Mwenzangu ana hobi yake." Kiti kilipofika nyumbani alikikalia, akasema, "Kumbe." Hiyo ndiyo ilikuwa pongezi yangu. Ilinitosha, maana kiti kilikuwa changu. Nikitoka zamu nilivua viatu nikakaa, na kwa nusu saa hakuna aliyeniuliza kitu.

Haukupita muda mrefu. Jumamosi moja nilirudi mchana nikakuta alama za miguu ya kiti kwenye zulia, kiti chenyewe hakipo. Binti yangu alikuwa anakula nafaka na maziwa jikoni. Nilipomwuliza, alisema kwa Kiingereza kwamba baba na rafiki yake walikipakia kwenye gari, na kwamba baba alisema mimi najua.

Nikampigia mume wangu.

"Nimempelekea meneja wangu," alisema. "Si wamehamia nyumba mpya? Siku ile alipopita kwetu alikipenda mno. Yule ndiye aliyeniingiza kazini, unajua. Nilikosa zawadi ya maana."

"Ukachukua kiti changu."

"Mke wangu, utatengeneza kingine. Si unajua sasa?"

Nilikata simu. Nilikaa sakafuni, pale kiti kilipokuwa, kwa sababu sikutaka kukalia kitu chochote alichokinunua yeye.

Ningekwenda siku hiyohiyo, lakini nilijiambia ningoje; Jumapili iliyofuata tulikuwa tumealikwa kwa meneja huyo huko Sterling, dua na chakula cha nyumba mpya. Nilipanga kumwambia mke wa meneja kwa faragha, kistaarabu, kwamba kumetokea makosa. Nilivaa vizuri. Nilikaanga sambusa.

Nyumba ilijaa watu: Wazanzibari, watu wa Mombasa, Wakenya wa Nairobi, familia moja ya Wakongo. Wanaume walikuwa sebuleni, wanawake jikoni. Nikabeba sinia la chai kwenda sebuleni, na pale mlangoni nikakiona kiti changu kimewekwa mahali pa heshima, karibu na dirisha. Meneja alikuwa amesimama ameweka kiganja juu ya mkono wa kiti.

"Huyu bwana mnamwona hivihivi," alikuwa anawaambia wageni huku akimwelekezea mume wangu kidevu, "kumbe ni fundi. Kakitengeneza mwenyewe, kwa mikono yake."

Mkenya mmoja akapitisha kidole kwenye kiungo. "Aisee, hii kazi ni safi. Unaweza nitengenezea moja, bro?"

Nilimtazama mume wangu. Nilimpa nafasi. Naapa kwa Mungu, nilisimama na sinia lile zito nikampa nafasi ya kusema neno moja.

Akatabasamu. "Tutaona," akasema. "Shida ni muda tu."

Muda tu! Nikaweka sinia mezani.

"Kiti hicho nimekitengeneza mimi," nikasema.

Kisha mmoja wao akacheka, si kwa ubaya, kicheko cha kuokoa mambo. "Shemeji anatania."

"Sitanii. Nimekichonga mimi, kwa ajili yangu. Yeye amekibeba tu."

Mume wangu alikuwa amebadilika sura. Bado ningeweza kumsamehe, nadhani, kama angeinamisha kichwa. Badala yake aliwageukia wenzake akasema, kwa sauti ya mtu mwenye subira, "Mke wangu alinisaidia kusugua."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua nilisema, "Wewe ni mwongo," mbele ya meneja wake, mbele ya shehe aliyekuja kusoma dua, na kwamba sauti yangu ilisikika hadi jikoni, kwa sababu niliporudi kule wanawake wote walikuwa wameacha walichokuwa wakifanya.

Dada mmoja wa Mombasa akanivuta pembeni. "Dadangu, hata kama. Mume hafedheheshwi mbele za watu. Ungengoja mkafika nyumbani."

"Na mimi nilifedheheshewa wapi? Nyumbani?"

"Ni kiti tu."

Hapo nilivaa koti langu. Mke wa meneja alikuwa karibu na jiko, ameshika mwiko, ananitazama. Nilidhani naye ameniona mwendawazimu.

Tulirudi kwa gari moja, binti yetu nyuma na vidude vyake masikioni. Mume wangu alingoja tufike barabara kuu.

"Ungetaka niseme nini? Kwamba mke wangu ndiye seremala? Wangenicheka."

"Wakucheke kwa lipi? Wewe ungepungukiwa na nini?"

"Huelewi wanaume wa kazini."

"Na ulipoambiwa umtengenezee mtu mwingine? Ulikuwa unataka nikachonge kisirisiri, wewe upeleke?"

Alinyoosha mkono akawasha redio, nikajua ndiyo. Hilo lilinichoma kuliko uongo wenyewe. Alikuwa ameshaiona biashara yote kichwani mwake: mimi karakana, yeye sebuleni.

Binti yetu akatoa kidude kimoja sikioni, akamwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba alichofanya ni wizi. Kisha akakirudisha.

Siku yangu ya mapumziko nilivuka mto peke yangu, viti vya nyuma vya gari nimevilaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mke wa meneja alifungua mlango kabla sijabonyeza kengele mara ya pili.

"Umekuja kuchukua kiti," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Sikulaumu. Kingekuwa changu ningekichukua siku ileile." Akasogea nipite. "Ila yuko mtu amekikalia."

Alikuwa mama mkwe wake, bibi mfupi, kaletwa kutoka Unguja kwa ajili ya matibabu ya nyonga. Siku ya dua alikuwa amepumzika chumbani juu. Sasa alikuwa ndani ya kiti changu, kanga begani, miguu inaning'inia, haifiki chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo mwenye kiti?"

"Ndiyo, bibi. Nimekitengeneza mimi."

Nilijiandaa kwa mshangao. Nilijiandaa kusikia "mwanamke?" Bibi hakushangaa hata kidogo. Alikunja uso.

"Afadhali umekuja. Hichi kiti chako kinanitesa. Mikono yake mizuri, nnashika nnanyanyuka peke yangu, kwenye makochi yao siwezi, mpaka nnyanyuliwe kama gunia. Lakini nikikaa mpaka nyuma miguu inaelea. Nikisogea mbele sina pa kuegemea. Na huu ukingo unanikata hapa." Akajipiga nyuma ya goti. "Umempimia nani?"

"Nimejipimia mwenyewe, bibi."

"Nnaona. Wewe mrefu."

Mke wa mwanawe alikuwa ameshika mdomo, hajui acheke au aombe radhi. Mimi nilikuwa nimekwisha piga magoti. Nilitia kiganja kati ya ukingo wa kiti na mguu wake, na bibi alikuwa na haki: kina chake kilimzidi, na kimo chake pia. Kwa wiki nzima watu walikuwa wameniambia habari za heshima na mume na maneno ya watu. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kuniambia habari za kiti. Niliomba uzi nikampima, kutoka nyonga hadi goti, kutoka goti hadi kisigino, na yeye akanielekeza bila haya, "Siyo hapo, hapo ndo panauma."

Wala msidhani moyo wangu ulilainika. Nilimwambia mke wa meneja pale pale, "Kiti hiki ni changu na nitakichukua. Lakini bibi atakaa nacho mpaka nimalize chake. Na atakayekileta ni mimi. Akiuliza mtu, jina litakalotajwa ni langu."

"Mume wangu nimeshamwambia," akasema. "Ana aibu. Hajui aanzie wapi."

"Aanzie kwa kutopokea kiti cha mtu bila kumwuliza mwenyewe."

Cha bibi nilikifanya kwa haraka zaidi, mikono ilikuwa imeshajua njia. Kikao kifupi, miguu mifupi, ukingo wa mbele nimeuviringisha kwa randa mpaka hauna makali. Mikono nikaibakiza mipana ileile, nikaiinua kidogo mbele ili ashike vizuri anaponyanyuka. Binti yangu alikuja kunisaidia kushika hema la amonia. Alikohoa akanilaani kwa Kiingereza, lakini alirudi wiki iliyofuata, na safari hiyo alishika patasi.

Tulikipeleka sisi wawili. Bibi alikaa, akakanyaga zulia kwa nyayo zote mbili, akanyanyuka, akakaa tena. Akapapasa chini ya mkono wa kulia wa kiti.

"Hapa panakwaruza," akasema.

Nikatoa msasa mfukoni. Alikuwa na haki tena.

Kiti changu kiko nyumbani. Mume wangu ameniomba radhi. Mara ya kwanza alisema, "Samahani kama ulikasirika," nikatoka chumbani. Mara ya pili aliondoa lile "kama." Nimeishi naye miaka mingi, si mtu mbaya, hunipikia nikiumwa na hajawahi kuninyanyulia mkono, na dada zangu hunikumbusha hayo kila tukiongea kwenye simu, kana kwamba hayo yakijumlishwa yanamruhusu kusema mikono yangu ni yake. Nampikia, nacheka naye baadhi ya siku. Halafu namwona anapitisha kiganja juu ya mkono wa kile kiti anapopita, na damu inanipanda upya.

Jumamosi iliyopita alikuja karakana kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni kati ya vumbi na kelele za mashine, na shati lake safi. Mwalimu akamkaribisha, akamwuliza kama naye anajua useremala.

Alinitazama. "Hapana," akasema. "Fundi ni yeye. Kile kiti kakitengeneza yeye."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, maana hilo alilijua. Wengine wawili waliokuwepo walikuwa wamevaa vizibo vya masikio, hawakusikia. Mume wangu akabaki ananitazama, anangoja nifurahi.

Nilizima mashine.

"Sasa nenda Sterling," nikamwambia, "ukaseme hivyo hivyo pale dirishani kiti kilipokuwa, watu wale wale wakiwepo."

Hajaenda bado.